Jeni za KRAS na TP53 katika saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini: uchambuzi wa kisa cha fundi seremala

Mgonjwa anayeelezwa hapa ni wa kufundishia. Historia yake imeunganishwa kutokana na mambo yanayoonekana mara kwa mara katika kliniki za saratani, na hakuna mtu anayeweza kutambuliwa kupitia maelezo haya. Takwimu za tafiti zinazotajwa ni zile zilizochapishwa. Kisa kimechaguliwa kwa sababu karatasi moja ya majibu ya jeni ilisomwa na watu watatu kwa namna tatu: daktari bingwa wa saratani aliona dawa ambayo isingefanya kazi, daktari wa upasuaji aliona upana wa nyama anayopaswa kukata, na familia iliona ugonjwa wa ukoo. Msimamo wangu ni kwamba faida kubwa kuliko zote ilikuwa mahali pa nne, ambapo mwanzoni hakuna aliyepatazama, yaani katika mpango wa kumfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji.

Historia na uchunguzi

Fundi seremala mwenye umri wa miaka 56, mkazi wa Korogwe, alianza kuona damu kwenye choo. Kwa muda wa miezi 7 alitibiwa bawasiri, na mara mbili alipewa dawa za amiba, bila mtu yeyote kumpima kwa kidole wala kuangalia kiwango chake cha damu. Alipopewa rufaa kwenda Dar es Salaam alikuwa amepungua kilo 9, choo chake kimekuwa chembamba, na hemoglobini yake ilikuwa imeshuka hadi 8.4. Hili halihusiani na jeni, lakini siwezi kulipita kimya: mtu aliyevuka miaka 50, anayetoka damu na ambaye damu yake imepungua, hapaswi kuandikiwa dawa ya bawasiri kabla utumbo wake haujaangaliwa kwa kamera.

Kamera ilionyesha uvimbe uliokaribia kuziba utumbo kwenye sehemu ya sigmoidi, sentimita 24 kutoka mlango wa haja kubwa, na hapakuwa na vivimbe vingine vidogo njiani. Majibu ya kipande cha nyama kilichochukuliwa hapo yalisema adenokasinoma, yaani saratani inayoanzia kwenye tezi za ukuta wa utumbo. Kipimo cha CT kilionyesha vinundu vitatu kwenye ini: kimoja cha sentimita 4.1 katika sehemu ya 7 (madaktari hulitaja ini kwa sehemu zenye namba), kingine cha sentimita 2.3 katika sehemu ya 6, na cha tatu cha sentimita 1.6 katika sehemu ya 3, upande wa kushoto. Mapafu yalikuwa safi. Kiashiria cha CEA, protini ambayo saratani hii mara nyingi huiongeza katika damu, kilikuwa 68.

Kwamba ini ndilo lililoguswa kwanza si jambo la ajabu. Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo mpana hukusanywa na mshipa mkuu unaoingia moja kwa moja kwenye ini kabla haijafika kwenye moyo, na kwa hiyo seli ya saratani iliyochomoka utumboni hukutana na ini kabla ya kiungo kingine chochote. Takriban asilimia 15 hadi 25 ya wagonjwa wa saratani hii hukutwa tayari na vinundu kwenye ini siku wanapogunduliwa.

Kwa kuwa utumbo ulikuwa unaelekea kuziba na damu iliendelea kutoka, uamuzi ulikuwa kuondoa uvimbe wa utumbo kwanza. Upasuaji ulikwenda vizuri. Tezi za limfu 17 zilichunguzwa, na 3 zilikuwa na saratani.

Alama za zamani zilisemaje

Kabla ya vipimo vya jeni kuingia katika shughuli hii, madaktari wa upasuaji wa ini walikuwa na maswali matano yaliyotokana na wagonjwa 1,001 waliofanyiwa upasuaji New York, uchambuzi uliochapishwa mwaka 1999 na Yuman Fong na wenzake. Je, tezi za karibu na uvimbe wa utumbo zilikuwa na saratani? Je, vinundu vya ini vilionekana kabla ya miezi 12 kupita? Je, ni zaidi ya kimoja? Je, kikubwa kuliko vyote kinazidi sentimita 5? Je, CEA inazidi 200? Kila jibu la ndiyo ni alama moja. Fundi wetu alipata alama 3.

Katika wagonjwa wale wa New York, waliokuwa na alama 0 na waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 60. Wenye alama 3 walikuwa asilimia 20. Wenye alama 5 walikuwa asilimia 14. Lakini wenye alama 4 walikuwa asilimia 25, juu kidogo ya wenye alama 3. Huenda tofauti hiyo ndogo imetokana na bahati ya hesabu tu, ila mimi huwaonyesha madaktari vijana nambari hizo mbili kila mara, kwa sababu zinaweka wazi kwamba maswali haya yanahesabu kile kinachoonekana kwa macho na kwa rula, na hayagusi tabia ya ugonjwa wenyewe. Kinundu cha sentimita 2 chenye tabia ya kutulia na kinundu cha sentimita 2 chenye tabia ya kuhama hupewa alama ileile. Tena wagonjwa hao walitibiwa kabla dawa za kisasa hazijaenea, hivyo asilimia zao haziwezi kuhamishwa jinsi zilivyo kumwekea mgonjwa wa leo.

Karatasi ya majibu

Kipande cha uvimbe wa utumbo kilichohifadhiwa ndani ya nta kilipelekwa nje ya nchi kupimwa, na familia ililipa kwa kuchangishana, jambo lililochukua wiki tano. Kulikuwa na hoja kwamba ingefaa kusubiri sampuli ya ini yenyewe. Haikuwa lazima: kwa jeni za kundi la RAS, ambamo zimo KRAS na NRAS, uvimbe wa utumbo na vinundu vyake vya ini hukubaliana kwa zaidi ya asilimia 90. Kipimo cha protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA, yaani MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, kilifanyika hapahapa kwa kupaka rangi vipande vya nyama, na zote nne zilikuwepo.

Majibu yalikuwa hivi: KRAS imebadilika, aina ya G12V; TP53 imebadilika; APC imebadilika; NRAS, BRAF, SMAD4 na PIK3CA hazikubadilika.

APC inaweza kuwekwa kando haraka. Hubadilika katika idadi kubwa sana ya saratani za utumbo mpana, na mara nyingi ndiyo hatua ya mwanzo kabisa ya safari ya kivimbe kidogo kuelekea kuwa saratani. Kitu ambacho karibu kila mgonjwa anacho hakiwezi, kikiwa peke yake, kuwatenganisha wagonjwa.

KRAS inahitaji maelezo marefu zaidi. Jeni hii hutoa protini inayofanya kazi kama swichi: ikipokea amri kutoka nje ya seli huwaka, hupitisha ujumbe wa kukua na kugawanyika, kisha hujizima. Nafasi ya 12 ya protini hiyo kwa kawaida hukaliwa na asidi-amino ndogo iitwayo glaisini. Katika G12V nafasi hiyo imechukuliwa na valini, ambayo ni kubwa zaidi, na swichi inashindwa kujizima. Seli inaendelea kupokea amri ya kukua ambayo hakuna aliyeitoa. Mabadiliko ya KRAS hupatikana katika takriban asilimia 40 ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, na kwenye nafasi ya 12 ndiko yanakotokea mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo ilipo sababu ya dawa za cetuximab na panitumumab kutomfaa. Dawa hizo hushika kipokezi cha EGFR kilicho juu ya ngozi ya seli na kuzuia amri isiingie. Ikiwa swichi iliyo ndani imeshawaka yenyewe, kuziba kipokezi cha nje ni sawa na kufunga bomba la barabarani wakati maji yanavuja kutoka kwenye tangi lililo juu ya paa. Tangu mwaka 2008 jambo hili limethibitishwa katika majaribio makubwa, na hakuna sababu ya mgonjwa mwenye KRAS iliyobadilika namna hii kuuza shamba ili anunue dawa hiyo.

TP53 ni mlinzi wa aina nyingine. Kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika DNA yake, ama irekebishwe, ama ife. Ikiharibika, seli zenye makosa zinaendelea kugawanyika na kukusanya makosa mapya. Katika saratani ya utumbo mpana hubadilika kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, kwa hiyo nayo peke yake haisemi mengi. Uzito wake huonekana inapoambatana na RAS. Makundi ya watafiti kutoka Houston na New York yameonyesha kwamba mgonjwa mwenye mabadiliko ya RAS na TP53 kwa pamoja ana matarajio mabaya kuliko mwenye moja tu kati ya hayo, na SMAD4 ikiongezeka hali huwa mbaya zaidi. Fundi wetu alikuwa na mawili kati ya matatu.

Takwimu zenyewe, na mipaka yake

Utafiti uliobadilisha mazungumzo katika vikao vya upasuaji wa ini ni ule wa Jean-Nicolas Vauthey na wenzake wa Houston, uliochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 193 walipewa dawa, wakafanyiwa upasuaji wa ini, kisha wakafuatiliwa kulingana na hali ya jeni zao za RAS. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai walikuwa asilimia 81 kwa wale ambao RAS yao haikubadilika, na asilimia 52.2 kwa wale ambao ilibadilika.

Watu wengi huishia kwenye nambari hizo mbili, na nadhani ndipo wanapokosea. Utafiti huohuo uliuliza pia ugonjwa ulirudi wapi. Kwenye ini, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kutegemewa: ini lilibaki bila ugonjwa baada ya miaka 3 kwa asilimia 50.2 ya wasio na mabadiliko na asilimia 43.8 ya wenye mabadiliko. Kwenye mapafu tofauti ilikuwa kubwa: mapafu yalibaki safi kwa asilimia 59.3 ya wasio na mabadiliko, na kwa asilimia 34.6 tu ya wenye mabadiliko. Kwa maneno mengine, KRAS iliyobadilika haikuwa inasema tu kwamba ugonjwa utarudi mapema. Ilikuwa inaonyesha njia utakayopita.

Kuhusu kisu, taarifa hazikubaliani. Kundi lilelile la Houston liliripoti mwaka 2016 kwamba upasuaji uliacha saratani kwenye ukingo wa mahali palipokatwa kwa asilimia 11.4 ya wenye RAS iliyobadilika, dhidi ya asilimia 5.4 ya wasiokuwa nayo, kana kwamba seli hizi hutambaa mbali zaidi ya pale jicho linapoona mwisho wa kinundu. Mwaka 2017, Georgios Margonis na wenzake wa Baltimore walieleza kwamba kwa wenye KRAS iliyobadilika, kuondoa kipande kizima cha ini kwa kufuata mishipa yake kuliwapa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kuliko kuchonga kinundu peke yake. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuiona faida hiyo. Kuna pia uchambuzi ulioonyesha kwamba kwa wenye KRAS iliyobadilika, kupata ukingo safi hakukuongeza uhai kama kulivyoongeza kwa wengine. Ninavyoona mimi, ushahidi huu unatosha kumfanya daktari akate kwa kufuata mishipa pale inapowezekana bila kupoteza ini jingi, lakini hautoshi kumwondolea mgonjwa nusu ya ini kwa ajili ya kinundu cha sentimita moja. Mgonjwa huyu huenda akahitaji kurudi mezani, na ini lililokwishatupwa halirudishwi.

Mpaka mwingine ni huu: karibu takwimu zote hizi zimetokana na kumbukumbu za hospitali kubwa za Marekani, Ulaya na Asia, kwa watu ambao tayari walichaguliwa kuwa wanafaa kufanyiwa upasuaji. Mtu aliyefika baada ya miezi 7 ya kutibiwa bawasiri hakuanzia mstari mmoja nao.

Kama karatasi ingesema jambo jingine

Kikao cha madaktari waliomjadili mgonjwa huyu kilitumia muda mwingi kujadili majibu ambayo mgonjwa hakuyapata, na ulikuwa muda uliotumika vizuri.

Kama BRAF ingebadilika kwa aina ya V600E, nisingependekeza upasuaji wa haraka. Mabadiliko haya hupatikana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi wenye saratani iliyosambaa, lakini kati ya wanaofikia upasuaji wa ini ni wachache mno, kwa sababu ugonjwa wao husambaa kwenye viungo vingi mapema. Hata wanaofanyiwa upasuaji, ugonjwa hurudi mapema kuliko kwa wenye KRAS iliyobadilika. Hapo busara ni kutoa dawa kwanza kwa miezi kadhaa na kuona kama vinundu vipya vinachipuka. Ikumbukwe kwamba si kila mabadiliko ya BRAF ni V600E. Aina nyingine hazina ukali huo, na ripoti inayoandika BRAF imebadilika bila kutaja aina irudishwe maabara.

Kama protini moja au zaidi kati ya zile nne ingekosekana, njia ingekuwa tofauti kabisa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa wa kundi hilo waliopewa pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, walikaa muda wa wastani wa miezi 16.5 kabla ugonjwa kuendelea, dhidi ya miezi 8.2 kwa waliopewa tibakemikali. Kipimo cha protini hizi ni cha bei nafuu kikilinganishwa na vile vya jeni, kinaweza kufanyika katika maabara ya patholojia yenye vifaa vya kawaida, na kinapaswa kufanyika kwa kila mgonjwa wa saratani hii hata pale ambapo fedha za kipimo kingine chochote hazipo.

Na kama RAS yote ingekuwa nzima? Daktari mmoja kijana alisema kwamba hapo cetuximab ingefaa, hasa kwa kuwa uvimbe ulikuwa upande wa kushoto wa utumbo. Kwa mgonjwa ambaye vinundu vyake haviwezi kukatwa, hoja hiyo ina nguvu. Kwa mgonjwa ambaye vinaweza kukatwa tangu mwanzo, jaribio la Uingereza liitwalo New EPOC lilitoa onyo zito: wagonjwa wasio na mabadiliko ya KRAS walioongezewa cetuximab kabla na baada ya upasuaji walikaa muda wa wastani wa miezi 14.1 bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya miezi 20.5 kwa waliopewa tibakemikali peke yake, na matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kuwa walikufa mapema pia. Kwa hiyo jeni nzima nayo haitoshi kuwa ruhusa ya kutoa dawa.

Mazungumzo na familia

Binti yake mkubwa ndiye aliyeuliza kwanza. "Dokta, mnasema ni jeni. Ina maana na sisi watoto tunayo?"

Swali hili huulizwa karibu kila mara, na kosa ni letu sisi tunaotamka neno jeni bila kulifafanua. Daktari alimweleza kwamba kuna mabadiliko ambayo mtu huzaliwa nayo na yako katika kila seli ya mwili wake, na kuna mabadiliko yaliyotokea baadaye ndani ya uvimbe peke yake. KRAS ya baba yao ni ya aina ya pili. Haikutoka kwa babu wala haitakwenda kwa mjukuu. Protini nne za kurekebisha DNA zilikuwepo, jambo linalofanya ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch uwe na uwezekano mdogo sana, na utumbo haukuwa na mamia ya vivimbe vinavyoonekana kwa wale waliorithi APC mbovu. Hata hivyo watoto na ndugu wa damu wana hatari iliyo juu kidogo ya watu wengine, na wafanyiwe kipimo cha kamera kuanzia umri wa miaka 40. Binti alikuwa na miaka 31. Aliandika kwenye simu yake mwaka atakaofikisha miaka 40.

Mgonjwa mwenyewe alisubiri wote wanyamaze, ndipo akasema: "Daktari, mimi nataka kujua kama nipokee kazi ya milango ya msikiti. Ni kazi ya mwaka mzima."

"Mzee," daktari alimjibu, "kati ya watu mia wenye ugonjwa unaofanana na wako, waliopewa dawa na kufanyiwa upasuaji, takriban nusu walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na wengi wa hao nusu ugonjwa uliwarudia wakatibiwa tena. Siwezi kukuambia uko nusu ipi. Ila mwaka mmoja, kwa hali yako ya sasa, nina matumaini nao makubwa. Pokea kazi, lakini mwambie mwenye kazi kwamba kuna wiki hutakuwepo."

Naona jibu hilo lilikuwa sahihi. Lilitoa nambari, likasema nambari hiyo ni ya kina nani, kisha likarudi kwenye swali lililoulizwa. Mtu aliyeuliza kuhusu mwaka mmoja hakuhitaji kujibiwa kwa miaka 5.

Matibabu

Alianza dawa za FOLFOX, yaani oksaliplatini, fluorourasili na lukovorini, kila baada ya siku 14, kwa mizunguko 6. Kusudi la kutanguliza dawa lilikuwa mara mbili: kuzishughulikia seli zisizoonekana, na kupima tabia ya ugonjwa. Vinundu vikiongezeka wakati mtu anapewa dawa, upasuaji huwa unakimbizana na kitu kinachokimbia zaidi. Vilipungua: cha sentimita 4.1 kikafika 2.7, cha 2.3 kikafika 1.5, na cha 1.6 kikabaki milimita 8. CEA ikashuka hadi 7.

Palitokea pendekezo la kuendelea na mizunguko 12 kabla ya upasuaji kwa kuwa dawa ilikuwa inafanya kazi. Lilikataliwa, na kwa sababu nzuri. Oksaliplatini huharibu vijishipa vidogo vya ini kadiri inavyoendelea kutolewa, na kinundu cha milimita 8 kingeweza kutoweka kwenye picha huku seli zake zikiwa hai, na daktari wa upasuaji asijue tena pa kukata.

Wiki tano baada ya mzunguko wa mwisho alifanyiwa upasuaji wa ini. Sehemu za 6 na 7 ziliondolewa pamoja kwa kufuata mishipa yake, kwa kuwa vinundu viwili vilikuwa humo na ini lililobaki lilitosha kabisa. Kinundu cha sehemu ya 3 kilichongwa peke yake. Ukingo ulikuwa safi kwa milimita 6 upande wa kulia na milimita 3 upande wa kushoto. Alitoka hospitali siku ya 9, akapewa mizunguko mingine 5 ya dawa. Wa 6 uliachwa kwa sababu ya ganzi ya vidole, ambayo kwa mtu anayeishi kwa randa na patasi si kero ndogo.

Ufuatiliaji

Mpango uliozoeleka ungekuwa kupima CEA, ultrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua. Hapa ndipo karatasi ya jeni ilipofanya kazi yake kubwa. Daktari bingwa wa saratani aliandika kwenye faili kwamba kwa sababu ya KRAS na TP53, kifua kiangaliwe kwa CT kila baada ya miezi 3 katika miaka 2 ya kwanza, hata kama ini ni safi na CEA iko chini. Familia ililalamikia gharama, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Waliafikiana kuacha ultrasaundi, kwa kuwa CT ingeonyesha tumbo na kifua kwa pamoja.

Mwezi wa 14 baada ya upasuaji wa ini, CEA ilipanda kutoka 2.9 hadi 4.6, bado ndani ya kiwango ambacho maabara nyingi hukiita cha kawaida. CT ilionyesha vinundu viwili katika pafu la kushoto, sehemu ya chini, kimoja cha milimita 9 na kingine cha milimita 7. Ini lilikuwa safi. Eksirei iliyopigwa siku hiyohiyo haikuonyesha kitu.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, kinundu kwenye pafu hakiwezi kuitwa saratani kabla kifua kikuu hakijaulizwa. Hakuwa na kikohozi, homa wala jasho la usiku. Makohozi yalipimwa mara mbili kwa GeneXpert na hayakuonyesha vimelea. Kikao kiliamua kusubiri wiki 10 na kurudia picha, ili kuona kama vinundu vingine vitajitokeza. Kusubiri huku kulimsumbua sana mke wake, aliyeona kama mume wake ameachwa, na ilibidi aitwe peke yake aelezwe kwamba kufungua kifua leo na kukuta vinundu vipya baada ya miezi miwili kungekuwa kumuumiza mgonjwa bila faida.

Baada ya wiki 10 kilichokuwa milimita 9 kilikuwa 12, cha pili kilikuwa 8, na hapakuwa na kipya. Viliondolewa vyote viwili kwa upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo ubavuni. Mwanapatholojia alithibitisha kuwa ni saratani ileile ya utumbo mpana, na kipimo cha KRAS peke yake, kilichofanywa safari hii kwa gharama ndogo kwa sababu ilijulikana kinachotafutwa, kilionyesha G12V.

Kikao cha mwisho kilichojadili faili lake kiliandika mistari mitatu. Hakuna ugonjwa unaoonekana kwa sasa. Dawa isianzishwe upya mpaka ganzi ya vidole itakapopungua, na ikianzishwa isiwe oksaliplatini. CT ya kifua na tumbo irudiwe baada ya miezi 3, na tarehe yake ipangwe kwa kuzingatia kwamba mgonjwa atakuwa anapachika milango ya msikiti wiki ya pili ya mwezi huo.